Mgongo wangu na miaka saba ya mwanangu

Jamani, leo nimepanda daladala Ngamiani, hapa Tanga, na mwanangu mgongoni, miguu yake inanigonga magotini. Ana miaka saba, ana mtindio wa ubongo. Alipokuwa chini ya miaka mitano sikuujua uchungu wa risiti, maana watoto wa umri ule sera inawasamehe kwenye hospitali za serikali. Keki ya mwaka wa tano ndiyo iliyonifungulia pochi (nasema keki, ulikuwa mkate wa kumimina). Mazoezi ya viungo si malaria, kwamba umeze dozi umalize. Ni wiki kwa wiki.

Toto Afya Kadi, ile bima ya afya ya watoto, ilikuwa shilingi 50,400 kwa mwaka. Nikadunduliza kwa kuuza visheti, nikachelewa: 2023 utaratibu ukageuka, watoto wakawa wanaandikishwa kupitia shule au familia. Shule! Niliyoiendea ilishamkataa, eti choo hakiingii kiti cha magurudumu. Kiti chenyewe hana.

Leo kwenye foleni mama mmoja kaniambia, "Shoga, nenda ustawi wa jamii ukaombe barua ya msamaha wa gharama za matibabu." Kesho asubuhi nipo mlangoni kwao. Anayejua wanataka karatasi gani aniandikie hapa chini, nisirudishwe, mgongo unaniuma.