Swichi ya Morogoro

Mwaka 2014 nilikuwa fundi wa mitandao katika ofisi moja ya Dar es Salaam, na miongoni mwa vifaa nilivyovisimamia ilikuwamo swichi ya Cisco, kifaa kinachounganisha kompyuta za ofisi kwenye mtandao mmoja, katika tawi letu la Morogoro, umbali wa karibu kilomita 200. Asubuhi moja nilikuta katika kumbukumbu zake majaribio kadhaa ya kuingia yaliyoshindikana, yote yakitokea kwenye Wi-Fi ya wageni. Niliona aibu, kwa sababu mlango ule tuliuacha wazi sisi wenyewe: yeyote aliyekuwa ndani ya mtandao wetu aliweza kuifikia swichi kwa Telnet, njia ya kuingia kwenye kifaa kwa mbali ambayo hupeleka nywila bila kuificha.

Niliandika orodha ya ruhusa ya mstari mmoja, kwa ajili ya kompyuta za idara yetu peke yake, nikaifunga kwenye njia zote 16 za kuingilia kwa mbali, huku nikijisifu kimoyomoyo, kwani mafundi wengi huziba zile 5 za mwanzo na kuzisahau 11 zilizobaki. Nikahifadhi mipangilio, nikatoka. Nilipojaribu kuingia tena, swichi ilinikataa.

Kosa nililigundua baada ya kulikodolea macho daftari langu kwa muda mrefu. Orodha ya namna ile haitaki maski ya kawaida, yaani namba zinazoonyesha ni sehemu gani ya anuani ya kompyuta itazamwe, bali iliyopinduliwa. Mahali nilipoandika 255.255.255.0 palitakiwa 0.0.0.255. Kwa swichi, 255 humaanisha kwamba sehemu hiyo isitazamwe, na sifuri humaanisha kwamba hapo pafanane kabisa, kwa hiyo nilikuwa nimeruhusu anuani zinazoishia na sifuri tu, na kompyuta ya namna hiyo hatukuwa nayo hata moja. Wasioruhusiwa hawahitaji kutajwa, maana mwishoni mwa orodha hizo kuna katazo lisiloandikwa. Kikao kilichokwisha kufunguliwa hakiguswi na orodha mpya, na laiti ningekiacha changu wazi nikajaribu kwa dirisha la pili, ningejirekebisha papo hapo. Laiti nisingehifadhi, ningemwomba mlinzi achomoe waya wa umeme na kuuchomeka tena, na orodha ile ingefutika.

"Umejifungia nje, ufunguo umeuacha ndani," bosi aliniambia, wala hakucheka.

Kesho yake alfajiri nilipanda basi Ubungo, nikashuka Msamvu, begini nikiwa na kebo ya buluu ya konsoli, inayochomekwa kwenye swichi yenyewe bila kupitia mtandao, na adapta yake ya USB. Kazi yenyewe haikufika dakika 5. Mlinzi wa tawi, mzee wa makamo aliyeitikia shikamoo yangu huku akitafuta funguo, alinisindikiza mpaka chumba cha vifaa kwa mashaka.

"Mwanangu, mtandao jana na leo unafanya kazi vizuri tu. Umekuja kutengeneza nini?"

Alikuwa na haki ya kuuliza, kwani swichi ilikuwa ikipitisha data za tawi zima bila kukwama, na aliyezuiwa nilikuwa mimi na idara yangu. Nilimjibu kwamba ni ukaguzi. Jioni, nilipojaza fomu ya kurudishiwa nauli, penye sababu ya safari niliandika neno hilohilo.