Watu wa LWK

Juzi dada amenipigia kutoka nyumbani. Kuna watu wa utafiti wamefika zahanati, wanachukua damu, na fomu yao inauliza kama unakubali data ya vinasaba vyako igawiwe watafiti wengine, hata wa ng'ambo. "Niweke tiki ama niache?" Nikamwambia aisome tena, tutaongea jioni. Tangu hapo nawaza ile kozi.

Ilikuwa kozi ya kuchambua vinasaba, iliyonitoa maabara ikaniketisha mbele ya kompyuta. Mwalimu alitupa data ya mradi wa jenomu 1000, uliosoma vinasaba vya watu wa jamii mbalimbali duniani, kromosomu ya 22 peke yake kwa sababu ni fupi na intaneti ya pale ilikuwa ya kubembeleza. Hakuna nywila, hakuna barua ya maombi. Pamoja nayo faili dogo la maandishi: watu 2504, kila mmoja na mstari wake. Namba ya sampuli, jamii, bara, jinsia. Basi. Nikawa nateremka nalo huku nanywa chai. GBR, FIN, CHS, PUR. Halafu LWK, LWK, LWK, skrini nzima. Nikafungua orodha ya vifupisho: Waluhya wa Webuye, Kenya.

Webuye! Wangeandika Kenya ningepita tu. Hawa ni watu 99 wa mji ambao nikishuka stendi mtu ananiuliza hali ya mzee kabla sijalipa boda. Chai nikaiweka chini. Nikarudi juu, nikaanza kuwapitia mmoja mmoja: herufi NA na tarakimu tano, mwanamke, NA na tarakimu tano, mwanamume. Huyu labda alinifundisha hesabu. Huyu labda ndiye alikuwa akitukopesha omena. Dada mmoja kutoka Brazili, tuliyekaa naye meza moja, akauliza tuwape rangi gani kwenye mchoro, ambao kila mtu ni kitone na wanaofanana vinasaba hukaa karibu. Kijani, nikasema. Vitone vikatokea, wakajikusanya kando kidogo ya Wayoruba wa Ibadan, Nigeria, wamebanana kama watu wa matanga chini ya hema moja. "Wamependeza," akasema. Nikaitikia asante, kana kwamba nimewavalisha mimi.

Baadaye nilisoma zaidi. Walitoa damu kwa hiari, majina na habari za maradhi hazikuandikwa, na seli zao zimehifadhiwa katika taasisi ya Coriell, Camden, New Jersey, ambako watafiti huziagiza. Mwaka 2013 wataalamu walionyesha kwamba baadhi ya watu wa Utah waliomo kwenye data hiyohiyo wanaweza kutambuliwa: kromosomu Y hurithiwa kwa baba, jina la ukoo vilevile, na tovuti za nasaba zinaunganisha hayo mawili. Hapo nilicheka kidogo. Kwetu Wafula ni jina la aliyezaliwa wakati wa mvua, si la ukoo; ukimfuatilia kwa njia hiyo utafika kwenye msimu wa mvua tu.

Likizo nikamsimulia Mzee.

"Kadi yangu ya kliniki hata mama yako haonyeshwi," akasema, "na hawa wako wazi kwa dunia nzima?"

"Hawana majina, Mzee."

"Na daktari wa huko akiona mmoja ana ugonjwa kwa damu, atamwita vipi?"

"Hawezi."

Akaguna. Kisha uso ukamchangamka. "Hao wachukua damu nawakumbuka! Pan Paper, kile kiwanda cha karatasi, ilikuwa bado inanuka." Akainua kidole, akamtaja mama mmoja wa kanisani. Kidole cha pili, fundi wa baiskeli. Nikamwomba aache. Nikamweleza kwamba katika miradi ya aina hii huchukuliwa damu ya watu wengi kuliko watakaotumika, makusudi, ili hata mtoaji mwenyewe asijue kama yumo. Akanisikiliza hadi mwisho, kidole cha tatu kikiwa bado hewani.

"Si wewe ndiye unawasoma?" akauliza. "Sasa mbona unaogopa kuwajua?"