Ukimya wa nyumba ya mama

"Chukueni wote." Maneno hayo ya mama hayanitoki kichwani tangu Jumatano.

Wanafunzi wa filamu wa TaSUBa, chuo cha sanaa cha Bagamoyo, walioomba kuazima sebule yake walikuja kweli, na kamera, mataa na nyaya zilizotambaa hadi barazani. (Dada naye kajifungua salama Jumanne, mtoto wa kike.) Aliyenivutia mimi ni kijana wa sauti. Kabla ya lolote alizima feni, akaomba na friji lizimwe, maana mngurumo wake huingia katika kila neno la mwigizaji. Mama akashtuka, barafu zake za ubuyu zimo humo. Yule kijana akatoa funguo za pikipiki yake, akaziweka ndani ya friji, juu ya barafu. "Bila hizi siondoki, mama. Sitasahau kuliwasha." Mama akacheka, akamwamini.

Wakarudia kipande kilekile cha mtu anayekunywa chai, kamera ikihamishwa huku na huko, mpaka chai ikapoa. Nikadhani sasa wanafungasha. Kijana akasimama katikati ya sebule, maiki yake juu ya fimbo.

"Mama, tunaomba sote tutulie dakika moja. Tunarekodi ukimya."

"Ukimya wa nani?"

"Wa nyumba yako, mama. Kila nyumba ina wake."

"Huu si wangu, mwanangu. Huu nimeachiwa."

Kijana akababaika. "Basi tunaomba tuuchukue kidogo."

"Chukueni wote."

Jioni zote nampitia, namuuliza kashindaje, ananijibu salama, alhamdulillahi, kisha ananiuliza habari za watoto wa darasani kwangu. Sisi wanawe hajatuambia, kaja kumwambia mgeni mwenye maiki. Nimeyarudia njiani, nimeyarudia nikisahihisha madaftari, hata wodini nimempakata mtoto wa dada: huu nimeachiwa. Na sisi ndio tuliokuwa tukiambiana kwamba mama sasa kazoea.

Jana nikamkuta yule kijana soko la samaki, anarekodi kelele za mnada. Nikamuuliza, ukimya ule wa nini? Alivyonieleza, nimefurahi hadi leo. Vipande vya onyesho moja hupigwa kwa nyakati tofauti. Vikikatwa na kuungwa, sauti ya nyuma huruka kila kwenye kiungo, na pakiachwa bila sauti kabisa mtazamaji hudhani spika imekufa. Ndiyo maana ukimya wa chumba kilekile hutandikwa chini ya maneno, tangu onyesho linapoanza hadi linapokwisha. Sisi tuliokulia vibanda umiza, vile vya kuonyeshea video, kina Lufufu wakitafsiri filamu za kigeni kwa Kiswahili juu ya kila risasi, tungeujulia wapi? Kumbe kuna mtu kazi yake ni kuhakikisha hatusikii mshono, na akiifanya vizuri hakuna hata mmoja wetu atakayemtaja.

Akanivisha hedifoni zake. Nikasikia bati likialika kwa jua, kunguru, boti ya mashine mbali huko, na karibu kabisa, mtu anavuta pumzi. Mama! Pumzi zake zitakuwa chini ya onyesho lile zima, na atakayeitazama filamu atazisikia bila kujua.

Nilimpelekea habari hizo jioni ileile. Tukakaa kutazama tamthilia, na kila waigizaji wakinyamaza mama ananyanyua kidole: "Sikiliza, hapo friji limezimwa." Yalipoingia matangazo akaanza kunisimulia, bila kuulizwa, baba alivyokuwa akikohoa kule chumbani akitaka aletewe chai, na yeye anavyojifanya hajasikia ili akohoe tena. Tukacheka mpaka tamthilia ikarudi na hatukuitazama.

Dada kapiga simu sasa hivi. Anasema macho ya mtoto yana umanjano. Alfajiri nawasindikiza hospitali, na mvua ya leo ilivyoiharibu njia ya kwao, sijui bajaji itafika mlangoni.