Poleni, Mwalimu

Jumamosi, 10 Septemba 2022

Leo ni siku ya tano na lile neno bado halijashuka kooni. Nimesahihisha insha za Kidato cha Pili, nimefua, nimemsuka binti yangu, na kila mikono inapotulia nalisikia tena: "Poleni, Mwalimu."

Ilikuwa Jumatatu jioni. Mahakama ya Juu ya Kenya ilikuwa imesoma uamuzi wake mchana, kwamba William Ruto ndiye aliyemshinda Raila Odinga kwenye uchaguzi wa rais, majaji wote saba kwa kauli moja, na matatu niliyopanda kutoka shuleni ilikuwa kimya, dereva amezima redio. Nilipofika kwenye ploti nikamkuta Mama Pacha bombani anakinga maji. Mnamjua, ndiye aliyekaa na kitinda mimba wangu ile wiki niliyolazwa. Akanitazama. Akafunga bomba kwanza (hilo nalikumbuka vizuri, alilifunga ili nisikie), kisha akasema, "Poleni, Mwalimu."

Nikamjibu, "Hongereni."

Nikashika begi langu nikapanda ngazi.

Nimefundisha Kiswahili miaka kumi na miwili. Hiyo -ni ya wingi naifundisha kila mwaka, njoo na njooni, kaa na kaeni, na sijawahi kuona inaweza kumkosesha mtu usingizi. Pale bombani nilikuwa peke yangu. Watoto walikuwa juu, baba yao yuko safarini. Sasa hiyo -ni ilikuwa ya nani? Angesema "Pole, Mwalimu," ningejua anasema na mimi, jirani aliyerudi kazini amechoka, uso umemshuka. Aliposema poleni nilihisi nyuma yangu wamesimama watu wa kwetu wote, Waluo tangu Kisumu hadi Siaya, na mimi nimewekwa mbele nipokee rambirambi kwa niaba yao. Sijawahi kumwambia Mama Pacha nilimpigia nani kura, wala hajawahi kuniuliza. Amelisoma jina langu la ukoo, akamaliza.

Na alipatia. Nilimpigia Baba, ndivyo tunavyomwita Raila, kama marehemu mzee wangu alivyompigia tangu 1997. Hii ilikuwa mara yake ya tano kugombea.

Mnakumbuka nilivyowaandikia mwezi jana kuhusu mdogo wangu na Fomu 34A, zile za matokeo ya kila kituo cha kura, alivyokaa siku nne na simu na daftari, akifungua kituo baada ya kituo kwenye tovuti ya tume ya uchaguzi? Hesabu imenibaki na mimi pia. Ruto kura 7,176,141, Raila 6,942,930. Tofauti ni 233,211. Vituo vilikuwa 46,229. Usiku mmoja niligawanya, nikapata watu watano kwa kila kituo. Watano tu! Foleni yetu ya tarehe 9 Agosti ilianza kabla hakujapambazuka, nami nilisimama kati ya kijana wa bodaboda na nyanya mmoja aliyekuja na kigoda chake. Tangu nilipopata jibu hilo nimekuwa nikiwapitia wale watu mmoja mmoja kichwani, nikiwatafuta watano wangu. Ni jambo baya kulifanya. Nilikuwa nikimtazama nyanya wa watu kama mwizi.

Uamuzi wenyewe nimeukubali. Nasema hivi nikijua mdogo wangu anasoma hapa na atanipigia. Ile tarehe 15 Agosti matokeo yakitangazwa pale ukumbini Bomas, viti vikirushwa na makamishna wanne wa tume wakiwa hoteli ya Serena wanayakana matokeo hayo, nilikuwa na hakika kwamba kuna jambo. Lakini ni mahakama hiyohiyo iliyofuta uchaguzi wa 2017, na siku ile niliicheza ngoma jikoni mpaka sufuria ikaungua. Siwezi kuipenda ikinipa na kuitukana ikininyima. Raila mwenyewe amesema anauheshimu uamuzi ingawa haafikiani nao, na hapo ndipo nami nilipo. Jumanne wanamwapisha Ruto uwanjani Kasarani. Nitakuwa darasani, au kama ni mapumziko nitakuwa nafua.

Lakini neno la Mama Pacha halina mahakama ya kulipeleka.

Alhamisi usiku, habari zote zikiwa za Malkia wa Uingereza aliyefariki, nililala chali nikairudia tena ile jioni, bomba, ndoo ya bluu, macho yake, na kwa mara ya kwanza nikajisikia mimi. Hongereni. Yeye pia alikuwa peke yake! Mimi pia nilimwekea watu wa kwao nyuma yake, Mlima Kenya mzima, bila kumuuliza.

Halafu nikakumbuka jambo lililonikalisha kitandani. Julai, tulikuwa tunachambua sukuma wiki pale ngazini, redioni wakimtaja Martha Karua, mgombea mwenza wa Raila, na Mama Pacha akasema, "Huyu mama akiingia, wasichana wangu watajua inawezekana." Alilisema polepole, kwa sauti ya mtu anayeomba. Nilikuwepo, nilisikia, nikatikisa kichwa kukubali. Na Jumatatu nilipomwona bombani sikukumbuka hata herufi moja. Sijui alimpigia nani. Huenda alikuwa na kidonda kilekile nilichokuwa nacho, akafunga bomba anipe pole, nami nikamrudishia pongezi za sherehe isiyokuwa yake. Au huenda alimpigia Ruto, na bado akaona vyema kumpa pole jirani. Nimejaribu yote mawili na katika yote mawili mimi ndiye niliyemkosea.

Najua pia kwa nini neno hilo lilinichoma hivyo, na sijawahi kuliandika hapa. Januari 2008, wakati wa ghasia za baada ya uchaguzi, hapa hapa Nakuru, tulipokuwa tunapakia vitu kwenye lori twende Kisumu, majirani walitoka wakasimama kando ya barabara. Hakuna aliyetugusa. Walisema "poleni, poleni," mmoja baada ya mwingine, na mama akawa anaitikia "asante" huku akifunga godoro kwa kamba. Tulirudi baada ya miezi kadhaa. Mama hakurudi, yuko Ugenya mpaka leo.

Na mzee alipofariki, watu wangapi waliniambia "poleni" nikiwa peke yangu kituoni, ofisini, sokoni kwa mwenye nyanya? Hakuna niliyemuuliza wingi ule ni wa nani. Nilijua ni wa nyumba yetu, nikashukuru.

Tangu Jumatatu nachota maji saa tano usiku ili tusikutane. Jana pacha mmoja alibisha mlango akaomba kalamu nyekundu, nikampa mbili. Nilitaka kumuuliza mama yako yuko wapi, nikamuuliza wamekula nini.

Mama yangu mguu umevimba tena. Shemeji yangu aliyepita huko Ugenya Jumatano anasema hata kiatu hakiingii, ilhali mama ameniambia kwenye simu ni viatu vipya vinambana. Dawa za presha zilipaswa kwisha tarehe tatu na hajaomba pesa za nyingine. Nimempigia mara mbili leo asubuhi na mara moja sasa hivi. Simu imezimwa.