Ncha ya kusini ukiwa Arusha: Polaris isahau

Maelekezo yanayokuja na darubini za kompyuta huandikwa kwa ajili ya watu wanaoiona Polaris, nyota ya ncha ya kaskazini. Arusha iko digrii 3.4 kusini mwa ikweta, hivyo Polaris imezama chini ya upeo. Ncha ya kusini ya anga, nukta inayozungukwa na nyota na ambayo mhimili wa stendi lazima uielekee, nayo iko juu ya upeo kwa digrii hizo hizo 3.4, upana wa vidole viwili ukinyoosha mkono. Sigma Octantis, nyota hafifu ya mwangaza wa 5.4, humezwa na vumbi la tambarare. Kile kidarubini cha kutafutia ncha ni pambo tu.

Anza na stendi. Mhimili unalala karibu mlalo, na vichwa vingi vya stendi havishuki hivyo. Kipimo cha latitudo kikiishia digrii 10, elekeza mguu mmoja kaskazini na uurefushe: miguu ikiachana mita 1, inua kama sentimita 10. Miguu miwili ikiwa kusini, fimbo ya vizito hupita katikati bila kugonga. Ila uzito wote sasa umeegemea kusini, kwa hiyo funga kiroba cha mchanga kwenye mguu wa kaskazini, la sivyo darubini itapiga magoti.

Kwa uelekeo wa awali tumia dira, mbali na chuma cha stendi. Moshi mna bahati: Kibo iko karibu kaskazini kamili, ipe mgongo. Arusha msiuamini Meru. Kutoka katikati ya mji, kilele kimekaa karibu digrii 30 mashariki ya kaskazini.

Kwenye rimoti ya darubini weka latitudo S, longitudo E, ukanda wa saa +3. Saa mbili usiku ni 20:00. Ukiandika 02:00 umekosea kwa saa 18, na anga yote inakaa digrii 90 nje ya mahali pake. Rimoti nyingi hutaka mwezi kabla ya siku.

Sasa kazi yenyewe. Weka lenzi yenye msalaba, chagua nyota iliyo karibu na ikweta ya anga (mstari ulio juu ya ikweta ya dunia) na karibu utosini: Mintaka ya Orioni Januari hadi Machi, Altair Agosti na Septemba. Sukuma bomba kidogo kuelekea kaskazini. Upande nyota inakokimbilia ndio kusini ya lenzi. Kisha acha mota ifuate. Nyota ikihamia kaskazini, mhimili umekwenda mashariki mno. Ikihamia kusini, magharibi mno. Rekebisha kwa bolti za pembeni. Puuza mwendo wa mashariki na magharibi, huo ni wa mota.

Halafu nyota ya mashariki, digrii 25 juu ya upeo. Ikihamia kusini, mhimili uko juu mno. Kaskazini, chini mno. Kwa nyota ya magharibi geuza kanuni. Kisha rudi utosini, maana stendi iliyoinamishwa huvuruga bolti moja ukigusa nyingine.

Kosa la digrii 1 huhamisha nyota hadi sekunde 15 au 16 za tao (sekunde moja ni 1/3600 ya digrii) kwa dakika. Baada ya dakika 3 za saa, imehama karibu upana wa Mshtarii. Kwa kutazama tu, ikitulia dakika 5 inatosha. Mwenye kamera na kompyuta atumie programu ya N.I.N.A. na nyongeza yake ya kulenga ncha kwa nukta tatu, isiyohitaji kuiona ncha.

Ukimaliza kukaza bolti, rudia kuilinganisha rimoti na nyota upya. Ramani ya mwanzo imeshakufa.