Mtani wa Kilkenny

Jumapili usiku, Dublin

Nimerudi jioni hii kutoka Kilkenny na usingizi hauji, kwa hiyo naandika. Ni mji mdogo wa mawe wa Ireland, kando ya mto Nore, wenye ngome kubwa na vichochoro vyembamba, mwendo wa kama saa moja na nusu kwa treni kutoka hapa. Kila Novemba wachumi na wachekeshaji hukutana huko kwenye tamasha la Kilkenomics. Hukaa jukwaa moja, kwenye kumbi ndogo na vyumba vya baa, na anayeongoza kikao ni mchekeshaji. Mchumi akitaja neno zito, hukatizwa: maana yake nini? Akijibu kwa neno jingine zito, hukatizwa tena.

Jana niliketi safu ya pili. Mchumi mmoja alikuwa anaeleza hatifungani za serikali, akakatizwa mara tatu. Mara ya nne akashusha pumzi, akasema: serikali imekopa, imetoa karatasi ya kuahidi kulipa, na karatasi hiyo watu wanauziana. Ukumbi wote ukacheka, si kwa dharau, kwa nafuu tu.

Nikamkumbuka mtani wetu. Baba mdogo alipofariki Tabora, alikuja Mzaramo mmoja, mtani wetu sisi Wanyamwezi. Alishuka kaburini akalala, akasema hazikwi mtu hapa mpaka yeye alipwe. Kisha, akiwa bado mle ndani, akauliza mbele ya wazee swali ambalo sisi wanafamilia tulikuwa tumelimeza siku tatu: fedha za ng'ombe waliouzwa ili marehemu atibiwe ziko kwa nani? Watu walicheka huku machozi yanawatoka. Hakuna aliyemkasirikia, maana mtani hakasirikiwi. Jioni ileile hesabu ikaletwa.

Kilkenomics nayo ilizaliwa msibani. Usiku wa kuamkia tarehe 30 Septemba 2008 serikali ya Ireland ilikubali kuzidhamini benki sita, madeni na amana za kiasi cha euro bilioni 440, katika nchi ya watu milioni nne na nusu. Nyumba zilizojengwa kwa mikopo zikakosa wanunuzi, mitaa mizima ikabaki mitupu, vijana wakafunga mizigo kwenda Australia na Kanada. Novemba 2010 mchumi David McWilliams na Richard Cook, mtu wa tamasha la vichekesho la Cat Laughs la mji huohuo, wakaanzisha mkusanyiko huu. Kabla mwezi haujaisha, serikali ikawa imeomba msaada Ulaya na Shirika la Fedha la Kimataifa. Mpango mzima ulikuwa wa euro bilioni 85, na bilioni 17.5 kati ya hizo zilitoka mfukoni mwa Ireland yenyewe, zikiwemo akiba zilizowekwa kwa ajili ya pensheni.

Si kila kikao kilinipendeza. Kimoja kilikuwa vichekesho vitupu, nikatoka sijaelewa chochote kuhusu riba. Mtani anayechekesha tu bila kuuliza hajafanya kazi yake. Lakini pale swali linapoulizwa, na mtu mwenye shahada tatu akalazimika kulijibu kwa maneno ya muuza samaki, nahisi heshima fulani imerudishwa kwa sisi tunaokatwa kodi. Mimi nimesikiliza bajeti redioni tangu utotoni, kila Juni, baba akiongeza sauti na sote tukinyamaza. Tulichokuwa tunakielewa ni bei ya soda na sigara.

Nilipofika nyumbani nilimpigia mama. Yuko kwenye kikundi cha vikoba, na huko huwezi kukopa bila wadhamini, kwa hiyo habari ya zile benki sita sikuhitaji kumzungusha. Nilimwambia benki zilikuwa wakopaji, mdhamini akawa mwananchi. Akauliza swali moja tu.

"Na huyo mdhamini alitia sahihi mwenyewe?"

Nikamwambia hapana, mama, mambo yalimalizwa usiku, wananchi wengi wakiwa wamelala.

Akanyamaza. Kisha nikamsikia anamwita mweka hazina wao, jirani yetu wa ukuta kwa ukuta. Akaweka simu kwenye spika, akaniambia nianze upya, polepole, na nisiache kitu.