Unyayo kwenye barua ya Baba

Leo asubuhi Mama amenikabidhi bahasha ya kaki niliyokuwa nikimwomba tangu nianze kuandika kitabu cha kumbukumbu za familia yetu.

Ndani mna barua 17 ambazo marehemu Baba alimwandikia alipokuwa kibarua katika ujenzi wa reli ya TAZARA, kwenye kile kipande kigumu cha Mlimba hadi Makambako, ambako milima ilitobolewa mahandaki ili treni ipite.

Nilitarajia habari za kazi. Karibu kila barua inauliza kama nimeota meno.

Ya Machi 1973 ndiyo iliyonishinda. Chini ya salamu, Baba ameacha nafasi tupu na kuandika: “Mchore mtoto unyayo hapa, kisha unirudishie.” Mama aliuchora kwa penseli, akairudisha kwa posta, na Baba aliitunza mfukoni hadi mikunjo yake ikachanika. Nimeweka kidole changu juu ya unyayo ule. Haukizidi kwa mengi.

Ndugu zangu ambao wazazi wenu walijenga reli ile, je, mnazo barua zao? Waliwaandikia nini? Naomba mnisimulie.